Gari Lililozaliwa Shika Adabu

Kibano changu cha nyusi kilitoka kwangu kwenda kwa Mkunga kwa dakika tano, na dakika tano hizo sasa zimeingia mwaka wa pili. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba sikuja hapa kumsifu tu. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta huku mtaani Shika Adabu zaidi ya miaka ishirini, mimi nikikaanga mahamri na kuyauza kwa mbaazi, yeye akizalisha. Ukikaa na mtu hivyo humwoni malaika. Wamwona mtu ambaye kila asubuhi ana kitu chako.

Jina lake silitaji, wala mtaani halitajwi. Ni Mkunga, basi. Ukimuulizia kwa jina la kwenye kitambulisho utaonyeshwa nyumba ya mtu mwingine. Alizalisha zahanati miaka mingi, na alipostaafu akaendelea nyumba kwa nyumba, mpaka huku kwetu watu wazima wenye ndevu zao walikuwa hawathubutu kumjibu. Siku moja mzee wa mtaa alikuja kumgombeza kwa maji machafu aliyoyamwaga njiani. Mkunga akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Mimi nimekuona uchi kabla mamako hajakuona. Shuka sauti." Mzee wa mtaa, mtu wa miaka hamsini, akashuka sauti, kisha akamsaidia kufukia.

Sifa zilikuwa ngumu kumtoka. Umpikie biriani la Idi, mchele chembe moja moja, nyama yatoka mfupani yenyewe, atakula mpaka aoshe sahani kwa kidole, kisha aseme, "Si haba." Kwa muda wote nilioishi naye nilipata "si haba" mara nne, na nazikumbuka zote.

Halafu, sijui utamwelewaje mtu huyu, damu ya uzazi aliiona maisha yake yote hata jicho halipepesi, lakini kuku akichinjwa, Mkunga alijifungia ndani na kujiziba masikio. Wanawake wenye uchungu aliwaambia, "Piga kelele, mwanangu, kelele ni dawa," nami nikifungua redio yangu kidogo tu, ukuta unagongwa.

Na mafuta ya nazi! Alikuwa na imani nayo ambayo, Mungu anisamehe, ilikaribia kuwa dhambi. Mtoto mchanga, mafuta ya nazi. Goti, mafuta ya nazi. Cherehani, bawaba za mlango, sikio linalouma, yote dawa yake moja. Kufuli langu liliwahi kukwama, vijana wawili wakaja na nyundo, akawafukuza. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya kufuli, akalikanda kwa mafuta taratibu nusu saa nzima huku akilisemesha. "Kitu hakivutwi," alikuwa akisema. "Kitu hungojwa." Lilifunguka. Nilikasirika sana, maana nilitaka kulibadilisha.

Mafuta hayo alikuwa akiyachukua kwangu. Nakuna na kupika mwenyewe.

Mambo yakageuka mikono yake ilipoanza kutetemeka. Mwanzo alificha. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, akisema anaota joto, Januari hiyo, wakati sisi wengine tunajipepea kwa vifuniko vya sufuria. Lakini mkunga anayetetemeka hawezi kuficha muda mrefu, na mwenyewe, kwa heshima yake, aliacha kabla hajaambiwa. Aliacha siku moja, bila kuaga, akafunga mkoba wake na kuuweka juu ya kabati. Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliniuliza kama nimekatia vitunguu.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, anaishi Changamwe, ghorofa ya tatu, na ni karani katika ofisi ya mizigo. Ni mwanamke wa kupanga mambo. Alikuja Jumamosi moja na gari, akasimama mlangoni, hata kuketi hakuketi.

"Mama, funga vitu. Wahamia kwangu."

"Siendi."

"Wiki jana umeunguza sufuria. Mikono yako hiyo, hata uzi kutunga kwenye sindano huwezi. Ukianguka humu ndani nani atajua?"

"Mama Zuhura atajua," akasema Mkunga, akinionyesha mimi. "Yeye hajui kutojua."

Binti akaenda kufungua buti ya gari ili apakie. Ndani mlikuwa na boksi kubwa lenye picha ya gari la mashindano. Mkunga, ambaye hawezi kuona kitu asikiulize, akauliza.

"Ni la mume wangu," binti akasema kwa uchovu. "Gari la rimoti. Si kama haya ya dukani. Laja vipande vipande, giya, skrubu, beringi, uliunde mwenyewe. Kaliunda mpaka ukurasa wa nne likamshinda. Lazunguka kwenye buti tangu mwaka jana, nalipeleka kulitupa."

Hapo lazima nieleze kwamba huyo mume, mkwe wa Mkunga, ni fundi bandarini, anatengeneza mashine za kuinulia makontena. Mkunga akalitazama lile boksi. Nikaona jicho lake, nikasema moyoni, haya sasa.

"Mkwe limemshinda?"

"Limemshinda."

"Nikiliunda mimi, kwa mikono hii, likaenda, utaniacha kwangu?"

Binti akacheka. Sijui kama alicheka kwa dharau au kwa machofu, lakini kicheko kile ndicho kilichomponza. "Mama, likienda raundi tatu bila kupinduka nakuacha, na sitalisema tena. Lakini likishindwa wapanda gari bila neno."

"Mama Zuhura shahidi," akasema Mkunga. Nikawa shahidi bila kuulizwa.

Sasa ungemwona. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akatoa ile sinia ya chuma aliyokuwa akiwekea mikasi ya uzazi, akapanga vipande vyote mstari kwa mstari, vidogo kwa vikubwa. Lakini kabla ya kupanga aliviosha. Vyote! Maji moto na sabuni, giya na beringi na vyuma, kisha akavianika juani. Kijitabu chenyewe kilikuwa na michoro na maandishi ya Kijapani. Nikamwambia, "Mkunga, hiki utakisomaje?" Akanijibu, "Mtoto naye haji na maandishi." Akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akaanza.

Na lile tetemeko? Aliweka kiwiko mezani, akaukandamiza mkono kwa kifuko cha mchele cha kilo mbili, akashika skrubu kwa kibano changu, akangoja. Alisema mkono hautetemeki wakati wote. Unatetemeka, unapumzika, unatetemeka. Kwenye pumziko ndipo anapokaza. Skrubu moja yaweza kumchukua robo saa. Skrubu zenyewe ni ndogo kama mbegu za ufuta, na moja ikadondoka. Wallahi tulifagia nyumba nzima, tukapepeta vumbi lote kwa chekeche langu la unga. Tuliipata. Chekeche nikalitupa.

Alhamisi ya kwanza nikasikia mtu anakohoa kwenye baraza yangu. Mkwe! Kakaa, katazama barabara, kampa mgongo mlango wa Mkunga.

Huyu bwana ni mtu wa bara. Alisilimu, anaswali, anafunga, na pilau anaipika kuliko mimi. Lakini mila moja ya kwao hakuiacha: kwao mwanamume haingii chumba alimo mama mkwe, hali mbele yake, hamsemeshi uso kwa uso. Mkunga naye aliipenda sana mila hiyo, akasema ni heshima ambayo sisi wapwani tumeipoteza. Basi mkwe kwenye baraza yangu, Mkunga nyuma ya pazia lake, hatua tatu baina yao, na mimi katikati nikibeba maneno.

"Dada, mwambie mama zile beringi hazioshwi kwa sabuni."

"Mwambie zimeshaoshwa."

"Dada, mwambie azipanguse tena basi, azikaushe sana. Na skrubu za ukurasa wa saba ni zile fupi."

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia, hicho kikohozi akitafutie tangawizi."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Mimi mbaazi zinaungua jikoni nasimama pale nikirudia maneno kama kasuku. Siku ya tatu nikamuuliza yule bwana waziwazi, kwani anapata nini, na mke wake akijua je?

Akajikuna kichwa. "Dada, usimwambie. Nyumba yetu ina vyumba viwili na choo kimoja, na kwenda kote huko lazima nipite sebuleni. Mama akihamia kwetu, mimi nitaoga wapi? Nitakula wapi? Lazima hili gari liende."

Nikamwonea huruma, nikamletea chai.

Tatizo likaja kwenye difu. Difu ni kijungu kidogo cha giya kinachokaa baina ya magurudumu. Ndicho kinachowezesha, gari likikata kona, gurudumu la nje likimbie kuliko la ndani. Ndani yake hutiwa mafuta mazito maalumu, na kichupa chake kilikuwa kimevuja chote kwenye buti. Mkwe akasema mafuta hayo huagizwa ng'ambo na huchukua miezi.

"Mwambie mafuta yapo," akasema Mkunga.

"Dada, mwambie mama siyo yale!"

"Mwambie magoti yangu mwaka wa kumi huu yanakwenda kwa yale."

Akaja kwangu na kikombe, akachota mafuta yangu ya nazi, akajaza difu, akafunga. Gari likazunguka kama limelainishwa na malaika.

Urembo nao ulikuwa kazi. Gari la aina hii limetengenezewa lami, limelala chini, na huku kwetu ni mchanga. Mkunga akakata soksi zake ndefu za zahanati, akazivisha giya zisiingie mchanga. Akakata soli ya champali ya mpira, akaitia mbele iwe ya kugongea. Bodi yake ni plastiki angavu, hupakwa rangi kwa ndani. Akataka iwe na maua ya leso, mekundu na meusi. Lakini alianza na nyeupe, kama mtu anayepaka ukuta, akaipuliza yote, ilipokauka ndipo akachora maua juu yake. Akaligeuza. Jeupe! Maua yote yamebaki ndani, nje gari kama sanda. Mkwe akaguna kutoka barazani. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Yapo," akasema Mkunga. "Mimi najua yapo." Hakulirudia.

Kila alasiri tulikwenda kwenye uwanja wa netiboli wa shule ya hapo mbele, ambao una sakafu ya saruji. Tukapanga chupa za maji nne, gari likizizunguka. Mkunga aliishikilia rimoti tumboni, kidole kwenye kichocheo cha moto, kile ukikibana ndipo gari linakimbia, akaliendesha mara kumi, mara ishirini. Lilikata kona hata mie nikapiga vigelegele. Alasiri zote hizo.

Binti akaweka mtihani Jumamosi ya Julai, saa moja asubuhi, kwa sababu saa tatu alitakiwa ofisini. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na ile baridi yetu ya Julai, ambayo watu wa bara huicheka, ilikuwa imetuingia mifupani. Nilipoamka kukaanga, mafuta yangu ya nazi yalikuwa yameganda meupe kwenye chupa, nikayachimba kwa kijiko. Nilifanya hivyo kwa mkono huu, na akili yangu haikuniambia kitu.

Tukajipanga uwanjani. Binti kasimama na saa mkononi. Mkwe kaenda mpaka kwenye mlingoti wa mbali, katupa mgongo nusu. Mimi katikati, kama kawaida. Mkunga akavuta kichocheo.

Gari likaondoka. Lilipofika kwenye chupa ya kwanza, likagoma kukata kona. Likateleza moja kwa moja, likamgonga binti kwenye kifundo cha mguu. Mkunga akajaribu tena. Likapiga kona kwa nguvu, gurudumu likainuka, likapinduka, likalala mgongo likinguruma na magurudumu juu.

Niliona uso wa Mkunga na nikatamani ardhi inimeze. Nyumba ya watu, miaka yote hiyo, imelala pale sakafuni miguu juu.

"Mama, basi," binti akasema, na hakusema kwa ukali. "Twende."

Mkunga akapiga magoti, akaligeuza lile gari, akaligusa chini kwa kiganja. Akaligusa tena. Kisha akainua kichwa.

"Huyu kashikwa na baridi."

"Mama!"

"Mafuta yameganda tumboni mwake. Ulisema raundi tatu. Hukusema saa ngapi. Nipe muda."

Akavua mtandio, akalifunga gari kama kichanga, akalitia ndani ya buibui, kifuani, akaketi kwenye benchi la mwalimu akikumbatia. Nusu saa. Watu wa sokoni wanapita nje ya ua, wanachungulia, wanasalimia. "Shikamoo Mkunga, mtoto wa nani huyo?" "Marahaba. Wa mkwe wangu." Binti alisimama, akatembea, akatazama saa, akasema watu wanatuona, akaambiwa acha waone, mwisho akaketi kwenye benchi lile lile kando ya mamake. Wakakaa hivyo, mabega yamegusana.

Akalitoa. Akaliweka chini. Raundi ya kwanza, kona zote nne, safi. Ya pili, safi. Niliuma leso yangu. Raundi ya tatu, kona ya tatu, nikaona kidole kimeanza. Kile kidole cha kichocheo kinatetemeka, na gari nalo linaruka-ruka, moto, hapana, moto, hapana, linakwenda pembeni kabisa, na Mkunga ndipo anapozidi kubana.

"Mama! Achia! Achia kidole, mama, litajipeleka lenyewe!"

Ilikuwa sauti ya mkwe. Kageuka mzima mzima, anamtazama mama mkwe machoni, anampungia mikono yote miwili. Mkunga alishangaa hivi kwamba kidole chenyewe kikaachia. Gari likapunguza mwendo, likapita kando ya chupa ya mwisho polepole kama bibi anayetoka msikitini, likavuka mstari, likaja kusimama kwenye mguu wangu.

Nilipiga kigelegele. Nilikipiga peke yangu, kwa hiyo nikakikatiza.

Binti alikuwa akimtazama mumewe. "Umejuaje wewe?" akamuuliza. "Limekushinda ukurasa wa nne. Umejuaje linavyokwenda?" Mkwe akatazama mlingoti. Binti akanitazama mimi. Mimi nikatazama gari. Na uongo wa watu watatu ukasimama pale uwanjani bila nguo.

"Kumbe nyote," akasema. "Mama hataki kuja, mume wangu hataki aje, Mama Zuhura hataki aende. Kumbe ni mimi tu niliyetaka kukaa na mamangu."

Akaanza kulia. Yule mwanamke wa kupanga mambo, na viatu vyake vya ofisi. "Mwanamume huyu zamu zake ni za usiku siku zote za kazi. Narudi, nafungua mlango, hakuna hata wa kuniuliza nimekula. Nilitaka mtu wa kuniuliza nimekula, Mama."

"Mbona ulisema mikono?" Mkunga akamuuliza. "Ulisema sufuria, ulisema uzi na sindano."

"Ningesemaje?"

Kisha akajifuta, akasema ahadi ni ahadi, baki kwako, akaingia garini akaenda kazini. Mkwe akamfuata mbio.

Mkunga alishinda, na wiki tatu nzima hakuongea juu ya ushindi. Jumatatu moja nikatoka nje nikamkuta na mkoba mmoja anapanda tuktuk. "Nakwenda kutazama," akaniambia, na tuktuk ikashika njia ya Dongo Kundu, ile ya kwenda Changamwe kwa binti yake. Alikwenda kutazama, mwezi ukaisha. Wa pili. Wa tatu. Nilikasirika, sikufichi. Mtu nimempigania, nimempa mafuta, chekeche, usiniulize nini kingine, halafu anakwenda zake! Nikaapa sitakwenda. Mwezi wa nne nikafunga mahamri kwenye kitambaa nikaenda.

Ghorofa ya tatu, kwenye ngazi, nikamkuta mkwe kakaa kwenye mto na sahani ya wali mapajani. "Karibu dada," akasema. "Hapa ndipo ninapolia chakula." Kisha akapaza sauti kwenye mlango ulio wazi nusu, bila mtu wa kati, "Mama, tuna mgeni!" na ndani akajibiwa, "Nimemsikia anavyohema."

Alikuwa dirishani. Amenenepa. Tukasalimiana, tukaulizana za watu, akala mahamri mawili kabla ya kuniuliza lililonileta. Nikamwambia nyumba yake ipo, nafagia mlango, na nikauliza kama ndiyo basi, keshahama.

"Yule mtoto alisema ananitaka," akanijibu. "Jioni akirudi namuuliza amekula nini. Hivyo tu. Hana kingine anachotaka."

"Na mimi je?"

"Wewe?" Akapangusa vidole vyenye mafuta ya hamri. "Wewe hukusema kitu."

Basi nikasema. Nilisimama katikati ya sebule ya watu, mkwe ananisikia ngazini, nikamwambia kwamba nikimaliza kuuza asubuhi sina wa kuzungumza naye, nakunywa chai nikitazama ukuta. Nikamwambia nimemkosa mpaka naumwa. Nikamwambia sikupigania abaki kwake kwa ajili yake, nilipigania kwa ajili yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo lilikuwa jambo geni.

"Haya," akasema. "Siku za kazi nitakaa huku na mwanangu. Ijumaa jioni mpaka Jumapili nakuja kwetu." Kisha akageukia mlango, akapaza sauti, "Mkwe! Siku hizo utakula ndani."

Nikasikia sahani ikiwekwa chini kwenye ngazi.

"Alhamdulillahi," akasema mkwe.